Kupasha udongo joto kuua magonjwa ya nyanya: nilivyokosea mpaka nikapatia

Mkuu, umesema nyanya zako zinanyauka ghafla zikiwa bado kijani na jirani kakushauri umwage maji ya moto kwenye tuta. Kabla hujawasha kuni kata shina la mche ulionyauka karibu na udongo, litumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi, usitikise. Ukiona kama uzi mweupe wa maziwa unashuka baada ya dakika chache, huo ni mnyauko bakteria, na hapo nakwambia ukweli joto halitakuokoa shambani, wale bakteria wapo mpaka chini ambako joto halifiki. Panda mahindi hapo, na usirudishe haraka nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo, wote ukoo mmoja hao.

Ila kwenye kitalu joto linafanya kazi kabisa. Mimi niko Morogoro, miche yangu ilikuwa inaanguka kama imekatwa na wembe shingoni, kinyausi hicho. Mzee wangu miaka yote anachoma pumba za mpunga juu ya tuta na kweli inapunguza, shida moto unapanda juu haushuki, zinaiva sentimita chache tu halafu ukipitisha jembe unapandisha udongo mbichi, kazi bure. Maji ya moto ndo usiseme, unamwaga sufuria zima yanapoa hapohapo unabaki na tope.

Nikahamia kwenye jua, yaani kufunika tuta ili jua ndo lipashe udongo. Mara ya kwanza nilitandika turubai jeusi mwezi wa 4, mvua na mawingu kila siku, kufunua nakuta magugu ya ndago yamenenepa! Kumbe nailoni inatakiwa iwe ile ya kuona ndani, jua lipite lipige udongo wenyewe, nyeusi inapata moto yenyewe tu. Mwaka uliofuata nikafanya Januari, nikasawazisha, nikatoa madongoa na mawe, nikamwagilia mpaka ukalowa vizuri (udongo mkavu haupitishi joto, na vimelea vikiwa vikavu ni vigumu kufa), nikatandika nailoni igusane na udongo kabisa nikafukia kingo zote, wiki 6 sijagusa. Nilichomeka themometa sentimita 5 chini saa nane mchana ikasoma nyuzi 48. Kinyausi kilipungua sana, minyoo fundo (ile midogo inayovimbisha mizizi) nayo ikapungua ingawa iliyoko chini zaidi inabaki, ndago ndo hazikujali chochote.

Kama unasia kwenye trei na huna wiki 6, pika udongo kwa mvuke. Pipa, maji kidogo chini, matofali, wavu juu yake, viroba vya udongo wenye unyevunyevu, funika na gunia zito. Huna themometa? Fukia kiazi katikati ya kiroba, kikiiva udongo nao tayari. Ukiwa nayo, ukifika nyuzi 70 mpaka 80 hesabu nusu saa uepue, usidhani kuzidisha ndo kuua zaidi. Mimi nilishachanganya na samadi mbichi nikaacha kwenye moto karibu masaa matatu mazima huku napiga stori, kufungua harufu kama ya mkojo ikanipiga puani, na miche yote niliyosia humo ikaungua ncha. Siku hizi napika udongo na mchanga peke yake, mboji iliyoiva naongeza kidogo baadaye.

Kingine, ukipika udongo unaua na wale vijidudu wazuri waliokuwa wanabanana na ugonjwa, kwa hiyo ugonjwa wa kwanza kuingia unakuta uwanja mtupu. Trei osha, jembe osha, na usimwagilie maji ya mfereji unaopita kwenye mashamba ya watu kwanza, mimi nilipoteza trei 4 hivyohivyo.

Kitalu chako kina upana gani? Kikiwa mita 1 nunua nailoni ya upana wa mita 2, upate nusu mita ya kufukia kila upande.