Jina Lipo, Fonti Haipo: Niliyojifunza kwa Kadi 200 za Harusi

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa na duka dogo la steshenari pale Igoma, Mwanza, nilipokea kazi ya kadi 200 za harusi kutoka kwa mzee mmoja wa Ukerewe aliyekuwa akimwoza binti yake. Nilizipanga kwenye Word, nikachagua fonti ya mwandiko wa mkono yenye mikia mirefu, mzee akaitazama kwenye kioo cha kompyuta akaridhika, nami nikabeba flashi hadi kwa wachapaji wa mjini kwa sababu printa yangu haikuweza kuvuta karatasi nzito. Nilipofuata mzigo jioni, majina ya maharusi yalikuwa yametoka kwa herufi zilezile za barua za ofisini, jina la bibi harusi limekatika na kushuka mstari wa pili, na mstari wa ukumbi umesukumwa hadi upande wa nyuma wa kadi. Mzee alikuwa amekwisha kata tiketi ya meli ya Nansio ya kesho yake mchana.

Kijana aliyekuwa kwenye mashine hakuona kosa lilipo. Alinionyesha kisanduku cha fonti juu ya ukurasa na kusema, "Kaka, si hii hapa? Jina lake linasomeka." Ni kweli lilisomeka, na ndipo mtego ulipokuwa. Faili la Word kwa kawaida halibebi herufi zenyewe; linabeba jina la fonti tu. Kompyuta inayolifungua hulitafuta jina hilo miongoni mwa fonti zake, na isipolipata huchukua fonti nyingine bila kukuambia, huku kisanduku kikiendelea kuonyesha lile jina la mwanzo. Kosa lilikuwa langu, na karatasi za kurudia kazi nilizilipia mimi.

Tangu siku hiyo, mtu akiniambia kwamba fonti imegoma, kabla ya kugusa chochote humuuliza kwanza fonti hiyo imekaa wapi ndani ya mashine na ni programu gani inayoiona. Majibu ya maswali hayo hutofautiana kulingana na mfumo wa kompyuta.

Kwenye Windows, ambayo ndiyo iliyojaa katika maduka mengi ya Mwanza, fonti uliyoipakua mara nyingi huja imefungashwa ndani ya faili la zip, na watu wengi huifungua humohumo bila kuitoa kwanza. Itoe uiweke kwenye folda ya kawaida, kisha uhakikishe kwamba jina la faili linaishia na .ttf au .otf. Ukikuta .woff au .woff2, hiyo imetengenezwa kwa ajili ya tovuti na Windows haitaisakinisha; ukikuta .exe, ifute na usirudi kwenye tovuti hiyo, kwa maana fonti haihitaji programu ya kuisindikiza. Halafu bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague kusakinisha kwa watumiaji wote (Install for all users), usichague kusakinisha kwa kawaida (Install).

Nasisitiza hilo la watumiaji wote kwa sababu limenipotezea saa nyingi. Zamani kila fonti iliingia katika folda ya C:\Windows\Fonts, lakini tangu toleo la Windows 10 la mwishoni mwa 2018, usakinishaji wa kawaida huiweka fonti ndani ya akaunti ya mtu mmoja, katika folda iliyofichika chini ya AppData. Kwa hiyo katika duka ambalo mhudumu wa asubuhi na wa jioni wana akaunti tofauti, mmoja ataiona fonti na mwenzake hataiona, nao watabishana juu ya kompyuta ileile moja. Zipo pia programu za usanifu, hasa matoleo ya zamani, ambazo hutazama folda ya mfumo peke yake, hivyo Word huionyesha fonti ilhali programu ya kuchorea mabango haina habari nayo. Ukikutana na hali hiyo, usipakue fonti upya. Iondoe, kisha uisakinishe tena kwa watumiaji wote, ukiwa na nywila ya msimamizi wa kompyuta.

Funga pia programu kabisa na uifungue upya, kwa sababu nyingi husoma orodha ya fonti wakati zinapowaka tu. Na sakinisha familia nzima, yaani herufi za kawaida, nzito, za mlalo, na nzito za mlalo, ambazo mara nyingi huwa mafaili manne. Ukiweka faili la kawaida peke yake kisha ukabonyeza kitufe cha kukoleza, Word hunenepesha herufi kwa nguvu, na kwenye kioo huenda usione tatizo, lakini kwenye karatasi matundu ya herufi a na e huziba kwa wino.

Kwenye kompyuta za Mac kazi ni nyepesi zaidi: unabofya faili mara mbili, programu ya Font Book inafunguka, unasakinisha. Taabu yake kubwa ni fonti moja kuwapo mara mbili, moja kwenye maktaba ya mtumiaji na nyingine kwenye maktaba ya mashine nzima, kila moja ya toleo lake. Font Book huziwekea alama zilizorudiwa, nawe unazima ile ya zamani.

Kwenye Linux, ambayo naitumia katika kompyuta yangu kuukuu iliyoshindwa kubeba Windows, ninakili faili hadi kwenye ~/.local/share/fonts, naandika amri ya fc-cache -f ili mashine isome upya orodha ya fonti, kisha nathibitisha kwa amri ya fc-list kwamba imeingia. Shida halisi ya huko ni kazi zinazotoka kwa watu wa Windows, ambazo huja zimeandikwa kwa Calibri, fonti ya kawaida ya Office tangu toleo la 2007, ambayo Linux haiji nayo. Dawa yake ni Carlito, fonti ya bure ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, kwa hiyo mistari na kurasa hazihami. Fonti za Liberation hufanya kazi hiyohiyo kwa Arial na Times New Roman. Siku hizi, hata hivyo, Office mpya imeiacha Calibri na kuanza kutumia Aptos tangu 2023, hivyo barua iliyoandikwa kwenye kompyuta mpya hubadilika sura ikifika kwenye kompyuta yenye Office ya zamani, ingawa zote mbili ni Windows. Mwandishi wa barua hulaumu printa.

Lipo tatizo jingine ambalo wanaoandika kwa Kiingereza pengine hawalijui, nasi huku linatuandama kila wiki. Andika Ng'wanza, kama Wasukuma wanavyoliita jiji hili, au Nyang'hwale, au ng'ombe wa mahari, kwa fonti ya mapambo uliyoipata bure mtandaoni. Mara nyingi kile kialama cha ng' hutokea kama kisanduku kitupu, au hutokea kwa fonti nyingine kabisa, kimesimama wima katikati ya herufi zilizolala. Sababu ni kwamba Word huibadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda mara tu unapoiandika, na kompyuta huzihesabu kuwa alama mbili tofauti, ilhali mchoraji wa fonti alichora ile iliyonyooka tu. Bonyeza Ctrl na Z papo hapo baada ya kuiandika, nayo itarudi kunyooka. Ukiwa na orodha ndefu ya majina, zima mabadiliko hayo kwenye mipangilio ya kujisahihisha. Mimi huandika majina hayo matatu kwa kila fonti mpya kabla sijamwonyesha mteja, na isiyoyaweza naifuta hata iwe nzuri namna gani. Huwezi kumkabidhi bwana harusi wa Magu kadi yenye kisanduku katikati ya jina la babu yake.

Ukishaisakinisha vizuri, bado kuna safari ya kwenda kwa mchapaji. Word ina chaguo la kupachika fonti ndani ya faili, katika mipangilio ya kuhifadhi, lakini wenye fonti wengine wamezuia jambo hilo, na Word huwatii. Ninachokiamini zaidi ni PDF: ihifadhi, ifungue, nenda kwenye sifa za faili, sehemu ya fonti, na uone kama kila jina limeandikiwa kwamba limepachikwa (Embedded). Ukaguzi huo hauzidi dakika moja, nami kadi za mzee zilizorudiwa zilitoka hivyo, akazibeba bandarini zikiwa bado zinanukia wino.

Kwa mabango, ambayo wengi wetu huyachora kwa CorelDRAW, maandishi yote yageuzwe kuwa michoro kwa Ctrl na Q kabla faili halijatoka dukani, kwani baada ya hapo hakuna fonti tena ya kupotea. Tahadhari ni kwamba maandishi hayo hayahaririki tena. Niliwahi kugeuza bango la mahafali na kuhifadhi juu ya faili la awali, mwalimu akapiga simu usiku kwamba mgeni rasmi amebadilishwa, nikalazimika kuliandika lote upya. Siku hizi kila kazi ina mafaili mawili, moja lenye maandishi hai na jingine la michoro, na hilo la michoro ndilo linalopanda daladala kwenda mjini.