Usiivute ramani ya Godunov juu ya picha ya setilaiti

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina picha ya ramani ya Siberia ya mwaka 1667. Nimeilaza juu ya picha ya setilaiti kwa kufunga pointi 30 (mahali ninapopatambua kwenye ramani zote mbili), lakini mito imepindapinda na miji mingine imeangukia baharini. Jamaa mmoja kaniambia ni ya kughushi. Niongeze pointi, au niachane nayo?

JIBU: Marahaba. Usiongeze hata pointi moja. Na huyo jamaa anayepima uhalali wa ramani kwa setilaiti, usimsikilize. Maswali ya namna hii yananifikia kila mara, na karibu yote yana kosa moja: mtu anadhani kila ramani ya kale ni picha ya nchi ikitazamwa kutoka angani, ila mchoraji hakujua kuchora.

Petr Godunov, voyevoda (yaani gavana) wa mji wa Tobolsk huko Siberia, alipoagizwa na Tsar Alexei, mfalme wa Urusi, kuitengeneza ramani hii hakuwa na kipimo cha longitudo, yaani cha umbali wa mashariki-magharibi. Walikusanywa watu wanaozijua njia, wakiwemo wafanyabiashara wa Bukhara, wakaulizwa. Gavana wa mpakani alitaka kujua mto upi unafika ngome ipi, ni mwendo wa siku ngapi, na kodi ya manyoya itatozwa kwa nani. Angalia safari ya kutoka mto Ob kwenda mto Yenisei. Boti zinapanda mto Ket, zikipigana na mkondo, mpaka ngome ya Makovsky; hapo mizigo inashushwa na kuvushwa nchi kavu hadi mji wa Yeniseisk. Wakati wa kurudi, mkondo ule ule unakusukuma. Umbali ni ule ule, siku ni tofauti kabisa! Wewe ukiifunga miji hiyo kwa pointi, programu inazichukua siku za mwendo zilizo nyuma ya mchoro kama kilomita, kisha inaupinda mto ili hesabu yake itimie.

Fanya hivi. Iache kusini ikiwa juu kama ilivyochorwa, ili Ob, Yenisei na Lena iteremke kuelekea chini ya karatasi. Andika kila mto mkubwa na vijito vyake kwa mpangilio: kipi kinaingia kabla ya kipi, ukingo wa kulia au wa kushoto, na mji gani uko kwenye makutano. Orodha hiyo ndiyo uilinganishe na ramani ya leo. Ukikuta mpangilio umevurugika, hapo ndipo pa kuuliza nani alikosea.

Pia ujue una nakala ya nani. Ya asili ilipotea. Tulizo nazo zilinakiliwa na wengine, akiwemo Claes Prytz, Mswidi aliyekuwa Moscow mwaka 1669, na Semyon Remezov, mchora ramani wa Tobolsk. Kila mnakili ana mkono wake.

Kinachonikera ni wanaovuta ramani hizi kwa dakika kumi, kisha wanatangaza kwamba Warusi wa kale hawakuijua nchi yao. Kaskazini-mashariki, ramani hii inaonyesha bahari wazi inayozunguka hadi upande wa China. Semyon Dezhnev, msafiri Mrusi, alikuwa amepita huko kwa boti mwaka 1648, na taarifa zake zikalala katika mji wa Yakutsk hadi mwanahistoria Gerhard Friedrich Müller alipozikuta mwaka 1736. Mtu akikaza pointi zake, bahari hiyo inakunjamana na kufutika, naye anaihesabu kuwa kosa la mchoraji. Mtu wa namna hiyo akikuletea ramani iliyokwisha kuvutwa, mdai kwanza ile ambayo haijaguswa.