Ubobezi wa majeraha ya mifupa: uulize nini kabla ya kwenda

Daktari, umeuliza kama ukishamaliza umahiri wa mifupa kuna haja ya kwenda tena mwaka mzima kusomea majeraha, ilhali wagonjwa wa bodaboda hapa Mombasa ni tele. Haja ipo, ila si kwa muundi na paja. Hizo utazizoea kazini. Nenda kwa ajili ya fupanyonga, bakuli la nyonga, na mifupa iliyokataa kuunga au iliyoingia usaha. Kabla ya kusaini, omba kuona daftari la upasuaji la aliyetoka hapo: wangapi aliwapasua mwenyewe, wangapi alishika tu ndoana za kuvuta nyama kando wakati mwingine anapasua? Wakikuzungusha, achana nao.

Uliza pia vifaa. Ukizoea kufunga skrubu kwa kutazama eksirei pekee, siku mashine ikifa umekwama. Msumari wa SIGN, chuma kirefu kinachoingizwa ndani ya mfupa uliovunjika na kushikiliwa kwa skrubu, hufungwa bila eksirei, kwa mkono wa kulengea, yaani fremu ya nje inayoonyesha yalipo matundu ya msumari. Unganisha mkono huo na msumari nje kwanza, kaza boliti, kisha hakikisha keekee inapita katikati ya matundu yote kabla hujaingiza chochote mfupani. Boliti ikilegea, au msumari ukijipinda kidogo ndani ya paja, skrubu za ncha ya mbali ya msumari hupita kando ya tundu na mfupa unabaki ukizunguka. Kwa hiyo ukishatoboa, ingiza kijiti cha kutafutia tundu. Kikinasa utasikia mkononi, chuma kwa chuma. Hisia hiyo haisomwi vitabuni.

Kozi za siku chache za AO, shirika la kimataifa la mafunzo ya kutibu mifupa iliyovunjika? Nzuri kwa kanuni za plati na skrubu, basi.