Ndoo ya nafaka za kuku imeota utando mweupe, nimwage?

Ndugu, hiyo ndoo yako ya nafaka ulizoloweka siku tatu zichachuke usiimwage kwanza, inuse. Kama inanukia uchachu wa mtindi na huo utando mweupe ni mwembamba, hauna manyoya, hiyo ni hamira tu, uengue uwape kuku. Ila ukiona manyoya, au rangi ya kijani, nyeusi, pinki, au inanuka kuoza, mwaga yote, usijidanganye eti utatoa ya juu tu, sumukuvu (sumu ya ukungu) haionekani kwa macho na inaua kuku.

Mara nyingi shida nafaka zimevimba zikanywa maji zikabaki zinachungulia juu, so ongeza maji yazifunike kama sentimita 5, koroga kila siku, funika na kitambaa, mfuniko usiubane sababu gesi lazima itoke. Ndoo ya chuma hapana kabisa.

Wape kitakachoisha ndani ya nusu saa, mabaki toa. Alafu hao wa mayai nafaka peke yake haiwatoshi jamani, wanataka protini kama asilimia 16 na chokaa. Kuku akizubaa, gole (mfuko wa chakula shingoni) limejaa majimaji na mdomo unanuka, sitisha hicho chakula umuone daktari wa mifugo.