Sabuni inakwisha upesi: ni feki au ni maji?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwaka jana tulihamia nyumba yenye kisima hapa Tanga. Tangu hapo mche wa sabuni wa kilo moja, ambao zamani ulinitosha wiki mbili, haumalizi hata wiki. Povu halitoki, nguo nyeupe zimefubaa, na birika la umeme limeota ukoko mweupe ndani. Mwenye duka anasema siku hizi sabuni nyingi ni feki. Je, ninunue sabuni ya bei kubwa zaidi? Na je, ni kweli kwamba siki ikichanganywa na magadi husafisha kuliko kila kimoja peke yake? — Mama wa watoto wanne, Tanga.

JIBU: Dada yetu, kabla hujailaumu sabuni, yapime kwanza maji. Chukua chupa mbili safi, moja utie maji ya mvua na nyingine maji ya kisima, weka katika kila moja sabuni iliyoparuzwa kiasi cha ncha ya kijiko, kisha tikisa. Katika maji ya mvua povu litasimama. Ikiwa katika maji ya kisima utaona chembe nyeupe zinazoelea kama maziwa yaliyokatika, basi sabuni yako ni nzima na maji yako ni magumu.

Ardhi ya Tanga ina mawe mengi ya chokaa. Mapango ya Amboni yenyewe yamechimbwa na maji ndani ya mawe hayo. Maji ya mvua hubeba hewa ya ukaa, na yanapopenya ardhini huyeyusha chokaa na kufika kisimani yakiwa na kalsiamu. Kalsiamu hiyo hushikana na sabuni na kufanya utando usioyeyuka, ule unaoganda ukingoni mwa beseni na kujificha katika nyuzi za nguo hadi nyeupe ikawa kijivu. Povu halianzi mpaka kalsiamu yote iwe imeshakula sehemu yake.

Hasara hii inahesabika. Tuchukulie kwamba kila lita ya maji yako ina ugumu wa miligramu 300 (ukihesabiwa kama chokaa), kipimo cha maji magumu sana. Ndoo ya lita 20 itameza takriban gramu 35 za sabuni halisi, ambazo ni kama gramu 45 za sabuni ya mche, kwa kuwa mche una maji ndani yake. Ukifua kwa ndoo sita kwa wiki, gramu 270, yaani zaidi ya robo ya mche, zimekwenda bila kutoa doa hata moja. Sabuni ya mche ya bei kubwa italiwa vilevile, kwa hiyo fedha yako usiipeleke huko. Sabuni ya unga haiathiriki sana kama ya mche, lakini ilinganishe kwa gharama ya mfuo mmoja, wala si kwa bei ya pakiti.

Dawa ya bei nafuu ni magadi, ambayo kwetu hutoka katika maziwa kama Natron na Magadi. Kaboneti iliyomo huikamata kalsiamu na kuirudisha kuwa chokaa. Koroga kijiko kikubwa kimoja katika ndoo ya lita 20, yaache maji usiku kucha, asubuhi uyachote ya juu taratibu na kuacha unga mweupe uliotuama. Magadi yatangulie, sabuni ifuate. Ukigeuza utaratibu huo sabuni itakuwa imekwisha kuliwa. Maji hayo si ya kunywa, hayafai kwa sufi wala hariri, na usiyaweke katika sufuria za alumini kwa sababu magadi huzila. Wakati wa masika, kinga maji ya mapaa ya mabati: hayo ni laini na hayana gharama.

Kuhusu siki na magadi, povu unaloliona ni hewa ya ukaa inayotoka wakati tindikali ya siki na magadi vinapouana nguvu. Unachobaki nacho ni maji yenye aina ya chumvi tu, na umelipia vitu viwili. Kila kimoja kina kazi yake. Jambo la hatari zaidi ni kuchanganya siki au ndimu na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwani hutoa gesi ya sumu inayochoma mapafu. Tafadhali usithubutu kabisa.

Siki itumie kwenye birika. Ukoko ule ni chokaa inayotengana na maji yanapochemka, nao huzuia joto la koili lisiyafikie maji upesi, hivyo unalipia umeme zaidi na koili huungua mapema. Mimina siki na maji kwa vipimo sawa hadi ukoko ufunikwe, pasha hadi yawe moto bila kuchemka, zima umeme, uache saa moja. Utasikia ukoko ukichemka kwa vipovu vidogo na kumeguka. Maji ya ndimu pia hufanya kazi hiyo. Mwaga, suuza, chemsha maji matupu mara moja na kuyamwaga, ndipo uteleke ya chai.