Maswali ya Wasomaji: Kuapdeti BIOS, kuimodi, na bodi iliyozima katikati ya kazi

Maswali ya mwezi huu karibu yote yamekuja ya BIOS, ile programu ndogo iliyo kwenye chipu ya bodi (motherboard) inayoiamsha mashine kabla ya Windows, na naona sababu ni mashine za mtumba, watu wamezinunua na wanataka kuzisukuma mbele kidogo kwa pesa ndogo. Yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo fundi. Kompyuta yangu ya mezani inaenda vizuri tu, lakini jamaa mmoja hapa kazini kila akipita ananiambia niapdeti BIOS. Kuna haja kweli? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Kama haikusumbui na huna sababu unayoweza kuitaja kwa mdomo wako, iache. BIOS sio app ya simu, ikikosewa kuandikwa mashine haiwaki kabisa, hata Windows huioni.

Ila sababu zikiwepo zinakuwa za nguvu kweli. Mwaka 2024 prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa zile kubwa za i7 na i9, zilikuwa zinagandisha mashine na kuangusha magemu kwa sababu zilikuwa zinaomba voltiji ya juu kupita kiasi, na dawa yake ilikuja ndani ya BIOS, maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa) 0x129 mwezi wa nane halafu 0x12B mwezi wa tisa. Mwenye prosesa hizo asingoje, kwa sababu apdeti inazuia uharibifu lakini chipu iliyokwisha kuharibika haiponyi. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya AMD, Ryzen 7000 za X3D zilikuwa zinaungua kwenye soketi mpaka matoleo mapya ya BIOS yakaifungia voltiji ya SoC (sehemu moja ya ndani ya prosesa) isivuke 1.3V. Sababu nyingine ni prosesa mpya ambayo bodi haiijui, au tundu la usalama lililotangazwa. Kwa hiyo ingia kwenye ukurasa wa bodi yako, soma maelezo ya kila toleo, na kama hakuna linalokuhusu mwambie jamaa yako asante.

Jina la bodi na toleo la BIOS unalipata ukibonyeza Windows na R ukaandika msinfo32. Kwenye Gigabyte angalia pia namba ya rev (toleo la bodi yenyewe) iliyochapwa pembeni mwa bodi, maana rev 1.0 na rev 2.0 zinaweza kuwa na mafaili tofauti kabisa ingawa jina ni lile lile.

Habari za kazi fundi. Nimenunua Ryzen 5 5600 nikaiweka kwenye B450 yangu ya mtumba, feni zinazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii. Aliyeniuzia prosesa anasema ni nzima, aliyeniuzia bodi naye anasema ni nzima. Nani mkweli? (Msomaji, Morogoro)

Wote wawili wanaweza kuwa wakweli. B450 zilitoka 2018, Ryzen 5000 zikaanza kutoka mwishoni mwa 2020, kwa hiyo kama bodi yako ina BIOS ile ya zamani haijui hata kwamba hiyo prosesa ipo duniani. Tafuta kwenye saiti ya mtengenezaji orodha ya prosesa zinazokubalika na bodi yako, mbele ya kila prosesa wameandika toleo la BIOS la chini linalotakiwa.

Sasa geuza bodi uangalie nyuma pale kwenye matundu ya USB. Kama kuna kitufe cha kuflashi (kuandika BIOS upya), MSI wanakiita Flash BIOS Button, Gigabyte Q-Flash Plus, ASUS USB BIOS Flashback, basi umepona. Kitufe hicho kinafanya kazi hata bila prosesa wala ramu, kinachotakiwa ni pauasaplai tu imechomekwa kwenye bodi. Chukua flashi ya USB, ifomati FAT32, weka faili la BIOS, na jina la faili ndipo watu wengi wanapokwama: MSI wanataka MSI.ROM, Gigabyte wanataka GIGABYTE.bin, ASUS wanakupa kiprogramu kinaitwa BIOSRenamer ndani ya zipu kinakubadilishia chenyewe. Chomeka kwenye tundu lile lenye alama ya BIOS, sio lolote, bonyeza, taa itaanza kupepesa, kaa pembeni usiguse kitu mpaka izime yenyewe, dakika tano mpaka nane hivi.

Kitufe hakipo? Tafuta fundi mwenye Ryzen ya zamani inayoingia AM4, soketi ya bodi yako, hata Ryzen 3 ya kizazi cha kwanza, aiweke, uapdeti kwa programu iliyoko ndani ya BIOS yenyewe, kisha urudishe yako. Na kabla hujaapdeti soma lile onyo, baadhi ya bodi hizi zina chipu ya megabaiti 16 tu na ili kupata nafasi ya prosesa mpya watengenezaji wametoa za zamani, ukishapanda toleo, ile prosesa ya fundi inaweza isiwake tena kwenye bodi yako.

Fundi, kuna programu za kuapdeti BIOS ukiwa ndani ya Windows na kuna za ndani ya BIOS. Ipi bora? (Msomaji, Nakuru)

Kwa kompyuta ya mezani, ya ndani ya BIOS, bila kufikiria mara mbili. EZ Flash ya ASUS, M-Flash ya MSI, Q-Flash ya Gigabyte, Instant Flash ya ASRock, zote zinasoma faili kutoka kwenye flashi na hakuna antivirusi wala apdeti ya Windows inayoweza kuingilia katikati. Laptopu ni tofauti kidogo, HP na Dell faili lao unalifungua Windows lakini mara nyingi uandishi wenyewe unafanyika mashine ikishajirestati, kwa hiyo sio mbaya.

Piga picha setingi zako zote kwa simu kwanza. Baada ya apdeti zinarudi za kiwandani, XMP (setingi ya kasi ya ramu) inazimika, na kama diski ilikuwa imewekwa RAID ikarudi AHCI (namna mbili za bodi kuongea na diski), au kinyume chake, Windows itakuletea skrini ya bluu na utadhani umeharibu mashine kumbe ni setingi moja tu. Na wenye BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows, isimamisheni kwa muda kabla ya kuanza, nimepata barua nyingi za watu walioapdeti salama kisha wakaombwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao hawajui uko wapi. Mara nyingi uko kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuwasha hiyo laptopu mara ya kwanza, na kama laptopu ilisetiwa na mtu mwingine basi mtafute huyo mtu.

Nina bodi ya H61 na i5-3470, bado inanitosha kwa kazi za ofisi. Nimeona watu wanamodi BIOS ili NVMe (SSD ya kasi) ibuti kwenye bodi za zamani. Naweza? Nitumie programu gani? (Msomaji, Arusha)

Unaweza, na hili swali nimelifurahia, maana mashine ya 2012 ikipewa diski ya kasi inafanya kazi miaka mingine na haiendi jalalani. Lakini tuanze na hesabu. H61 yenyewe ina SATA (njia ya kawaida ya diski) ya 3Gb tu, yaani kama megabaiti 300 kwa sekunde. NVMe itahitaji adapta kwenye sloti ya PCIe, zile za kuchomekea kadi. Ukiiweka kwenye ile sloti ndogo ya x1 ya PCIe 2.0 unapata kama 500, sio faida kubwa hivyo. Ukiiweka kwenye sloti ndefu ya x16, ambayo inatoka kwenye prosesa, hapo unaona kasi hasa, ila lazima iwe tupu, yaani hutumii kadi ya picha. Kama una kadi ya picha humo, nunua SSD ya kawaida ya SATA na utaridhika.

Sloti iko wazi? Bado nakuomba ujaribu njia isiyogusa BIOS kwanza. Weka Clover, programu ya kuanzisha buti, kwenye flashi ndogo ya USB pamoja na draiva ya NVMe, bodi inabuti flashi, flashi inaiona NVMe, Windows inaendelea. Flashi inabaki imechomekwa nyuma siku zote, ndiyo kero yake pekee, lakini hakuna bodi inayokufa kwa njia hii.

Ukitaka kumodi kweli, BIOS nyingi za umri huo ni za aina ya AMI Aptio IV, na kazi yenyewe ni kuchomeka moduli moja inaitwa NvmExpressDxe ndani ya faili, mwisho wa orodha ya draiva za DXE, zile BIOS inazozipakia mashine ikiwaka. Watu wanatumia programu ya MMTool 4.50 kwa Aptio IV, ile ya 5 ni ya Aptio V, usizichanganye. Wengine wanatumia UEFITool, na hapo chukua 0.28 maana ndiyo inayokubali kubadilisha, zile mpya zenye NE kwenye jina ni za kuangalia tu. Ukimaliza kuchomeka fungua faili la asili na lako kwenye UEFITool ukae uyalinganishe mstari kwa mstari. Kuna vitu vinaitwa pad-file, vipande vya kujazia nafasi, MMTool wakati mwingine inavifuta au inaongeza kimya kimya, na kama kile kilichofutwa kilikuwa na data ndani bodi haitawaka. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na bodi nyingi zilizokufa kwa kumodi zimefia hapo.

Halafu kuandika. Programu ya mtengenezaji mara nyingi italikataa faili lililochezewa, na kukataa huko kuna maana yake, tarehe 26 Aprili 1999 kirusi cha CIH kilifuta BIOS za kompyuta nyingi duniani kwa sababu zamani mtu yeyote aliweza kuandika humo. Kwa Intel watu wanatumia FPT, programu ya Intel ya kuandika chipu, nayo kama bodi imefungwa itakugomea. Njia ninayoiamini mimi ni kuisoma chipu moja kwa moja kwa CH341A, kile kifaa kidogo cha USB cha bei nafuu. Kwenye bodi nyingi za H61 chipu imekaa kwenye soketi ya miguu nane, unaing'oa kwa mkono taratibu, nyingine inabidi klipu ya kuibana ikiwa kwenye bodi. Soma maandishi ya chipu kwa tochi ya simu: 25Q64 maana yake megabiti 64, yaani megabaiti 8. Bodi za umri wako ni 3.3V, lakini laptopu mpya nyingi ni 1.8V, herufi kama FW au JW mwishoni mwa namba za Winbond ndiyo dalili, na hizo bila adapta ya 1.8V unaziunguza.

Isome mara mbili, linganisha mafaili mawili, yakitofautiana hata baiti moja klipu haijakaa vizuri. Yakilingana yahifadhi sehemu mbili, flashi na barua pepe yako mwenyewe. Ndani ya hilo faili kuna serial namba ya mashine na mara nyingi MAC (namba ya utambulisho) ya kadi ya mtandao, kwa hiyo usikubali fundi akuandikie faili la bodi ya mtu mwingine wakati lako lipo. Moduli nayo iweke ndani ya hilo hilo ulilolisoma kwenye chipu yako.

Ukifanikiwa diski itaonekana kwenye menyu ya buti kwa jina la PATA, usishangae. Windows iingize kwa UEFI (namna mpya ya kubuti) na diski iwe GPT (mgawanyo unaoendana nayo).

Wenye mashine za Intel za kizazi cha 4 kuja juu, hasa laptopu, muwe makini zaidi. Kuanzia 2013 Intel wana Boot Guard, ulinzi unaoikagua BIOS kabla ya kubuti, na kama kiwanda kiliiwasha basi ukigusa sehemu iliyolindwa mashine haibuti, na hakuna programu ya kuizima.

Nataka logo ya intaneti kafe yangu itokee kompyuta zikiwaka. Inawezekana? (Msomaji, Kigoma)

ASUS wana MyLogo, ThinkPad nyingi zinakubali picha iliyowekwa pamoja na faili la apdeti, tumia hizo za wenyewe. Ila anza na BIOS ya karibuni, kwa sababu Desemba 2023 watafiti wa Binarly walionyesha kwamba picha ya logo iliyotengenezwa kwa nia mbaya inaweza kuendesha kodi kabla hata Windows haijaanza, wakaiita LogoFAIL. Picha tengeneza mwenyewe, usipakue ya mtu.

Mambo fundi. Stima imepotea nikiwa katikati ya kuapdeti BIOS ya HP na betri yake ni mbovu. Sasa inawasha taa tu. Nimeambiwa ninunue bodi mpya. (Msomaji, Mombasa)

Poa, na usinunue kitu bado. Pata kompyuta nyingine, pakua faili la BIOS la modeli yako hiyo hiyo, ukilifungua litakupa chaguo la kutengeneza flashi ya uokoaji. Ichomeke kwenye laptopu iliyozimika, chaja iwe ndani, shikilia Windows na B kwa pamoja, bonyeza na pawa sekunde mbili tatu, achia pawa lakini vile viwili endelea kuvishika. Ikikataa jaribu Windows na V. Mwenye Dell ya miaka ya karibuni anashika Ctrl na Esc huku anachomeka chaja. Gigabyte nyingi za mezani zina chipu mbili na ya pili inajinyanyua yenyewe. Yote yakishindikana ndipo uende kwa fundi mwenye CH341A, mwambie asome kwanza kilichopo kabla hajaandika chochote.

Na kwa wote: betri nzima au UPS, na hakikisheni tokeni au LUKU ina yuniti za kutosha kabla hamjabonyeza.

Nimenunua EliteBook ya mtumba, BIOS ina paswedi. Nikitoa betri ya CMOS (ile ndogo ya kwenye bodi) itafutika? (Msomaji, Mwanza)

Kwenye laptopu za kiofisi hapana, paswedi haikai kwenye kumbukumbu inayotegemea ile betri. Kwa baadhi ya modeli mtengenezaji anaweza kumsaidia mwenye uthibitisho wa kununua, kwa hiyo rudi dukani na risiti yako waifungue au wakubadilishie. Anayekwenda kununua leo, kabla ya kutoa pesa iwashe ubonyeze F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad, ikikuomba paswedi na muuzaji haijui, chukua nyingine.