Geuza Kiti Kabla Hujataja Jina

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga, anayebeba mizigo kwenye kampuni ya kuhamisha watu huko Ohio, aliniandikia: "Shikamoo fundi. Nimenunua kabati la droo kwenye mnada wa mali za marehemu, dola 340. Muuzaji kasema ni kazi ya John Townsend wa Newport. Nimetajirika au nimeliwa?"

Marahaba, mdogo wangu. Townsend alikuwa fundi samani maarufu wa Newport, Rhode Island, karne ya 18. Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka, maana nilijikumbuka mwenyewe.

Nilikuwa na mwaka wa pili kwenye karakana moja ya kukarabati samani za kale, Pennsylvania. Useremala sikuusomea darasani. Nimekulia kwenye vumbi la mbao la mjomba wangu Pangani, na randa niliishika kabla mwandiko wangu haujanyooka. Lakini pale karakana kazi yangu ilikuwa kuchemsha gundi, kubandua rangi na kufagia. Siku moja kikaletwa kiti ambacho mguu wake wa nyuma umelegea. Tajiri wangu, mwenye karakana, na mteja wakasimama mbele yake wakisifia nakshi za mgongoni. Mimi nikakilaza kifudifudi, na nyuma ya kila mguu wa nyuma, usawa wa kikalio, nikaona kipande kidogo cha mbao chenye pembe nne, kimekaa kama kiraka. Ile ni ncha ya ulimi. Ubao wa ubavuni mwa kikalio umechongwa ulimi mrefu, ukapita kwenye tundu la mguu hadi ukachungulia upande wa pili.

Hilo nilikuwa nimelisoma usiku uliotangulia. Kabla ya uhuru wa Marekani, mafundi wa Philadelphia walipenda kupitisha ulimi mpaka nje. Wa Boston waliuishiza ndani ya mguu, usiuone. Basi nikasema kwa sauti, mteja akisikia: "Hiki ni cha Philadelphia!"

Mteja akatabasamu, nami nikahisi nimeota mbawa.

Palikuwa na mzee mmoja, mtaalamu aliyepita kusalimia tu. Akakichukua kiti, akakipindua, akamulika tochi ndani ya fremu, akakwaruza kidogo kwa ukucha mahali ambapo vanishi haikufika. Akaniuliza taratibu, "Ulimi umeuona. Na mbao?" Nikanyamaza. Mbao ilikuwa ya mti wa cheri, imepakwa rangi ifanane na mahogani. Vile vipande vya kuimarisha pembe kwa ndani vilikuwa vya msonobari mweupe. Philadelphia viti vya heshima walivitengeneza kwa mahogani au mbao ya mti wa jozi (walnut). Mzee akasema hicho ni cha Connecticut, kwa mkono wa mtu aliyejifunza mtindo wa Eliphalet Chapin.

Chapin alikwenda Philadelphia akafanya kazi huko miaka kadhaa, akajua mbinu zao, kisha mwaka 1771 akafungua karakana yake East Windsor, Connecticut, akaanza kuzitumia mbinu zile zile juu ya cheri ya kwao. Mkono ulihama, mbao ikabaki ya mahali. Mimi nilikuwa nimeona nusu ya habari nikaitangaza yote.

Tajiri akaniambia mbele ya watu, "Wewe shughulika na gundi." Usiku ule sikula. Ni miaka sita sasa na nikipita barabara ile bado inaniuma, sitasema uongo.

Miaka iliyofuata nairuka, haina hadithi: makumbusho kila Jumapili, vitabu vya kuazima, magoti yamechubuka kwa kupiga magoti chini ya meza za watu. Ila kilichonifungua macho kilikuwa kumbukumbu ya Pangani.

Mjomba alipokuwa akikata yale meno ya kwenye pembe za droo, yanayopanuka kichwani ili ubao usichomoke, msumeno wake ulivuka mstari kidogo kwa ndani, na upande wa kushoto ulivuka zaidi. Nilimwambia. Akasema, "Nani ataingia ndani ya droo?" Mwaka mmoja mwanamke alileta kabati lililorithiwa, hajui fundi. Mjomba akavuta droo, akaingiza kidole nyuma bila hata kuinama, akapapasa pale penye meno, akasema, "Hili langu. Nilimtengenezea marehemu babako." Kidole tu! Nakshi za mbele alikuwa ameiga kwa fundi mwingine, kwa hiyo zisingemwambia kitu.

Ndivyo ilivyo hata kwa hao wa Newport, Rhode Island. Nakshi za kombe mbele ya droo zinavutia, lakini zilitazamwa na wote na zikaigwa na wote. Mazoea ya mkono yamejificha ndani. John Townsend tunaweza kumfuata kwa sababu alibandika karatasi na kuandika jina kwenye baadhi ya kazi zake. Kabati moja la droo lililo Metropolitan Museum, New York, lina karatasi inayosema limetengenezwa naye, Rhode Island, 1765. Ukishapata kazi moja yenye ushahidi wa namna hiyo, unaisoma kwa ndani: meno membamba, makini mno, na droo zilizowekewa herufi kwa penseli ili zisichanganyike. Ndipo unachukua kabati lisilo na jina ukalinganisha. Bila ile ya kwanza, unapiga ramli.

Na hata hapo, pole pole. John Goddard, fundi mwingine wa Newport, alijifunza kazi kwa Job Townsend, ami wa John Townsend, akamwoa binti yake Job. Wana wao na wapwa wao wakaendelea na kazi hiyo hiyo. Mkwe anakata meno kama baba mkwe alivyomfundisha. Kwa hiyo kusema "Newport" ni rahisi, mbao za ndani zitakusaidia, mara nyingi chesnati na tulipu popla. Kusema "ni huyu, si shemeji yake" ni kazi nyingine. Tatizo ni pesa. Mwaka 1989 dawati moja la Newport lenye kabati la vitabu, la familia ya Brown wa Providence, liliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.1. Tangu hapo kila mwenye bibi Rhode Island ana Townsend ghalani.

Mwezi uliopita likaja kabati refu la miguu. Mfanyabiashara aliyelileta alikuwa na hadithi ndefu: nahodha, dhoruba, harusi ya 1760 na kitu. Tajiri yule yule wa gundi akaniita. Nikatoa droo zote, nikazipanga sakafuni. Kwa mtindo wa Newport, miguu ya makabati kama yale mara nyingi ilitengenezwa ichomoke: sehemu ya juu ya mguu inapanda ndani ya pembe ya sanduku. Hii ilikuwepo, safi kabisa, na mfanyabiashara akaanza kusugua mikono. Nikaomba tochi. Nikailaza karibu na ubao wa mgongo kwa ndani, mwanga upite juu juu. Nikaona mistari imepinda kama upinde, mmoja baada ya mwingine. Msumeno wa kuvutwa juu na chini huacha mistari iliyonyooka. Ile ya kupinda ni ya msumeno wa duara, ambao ulienea karne ya 19. Ubao mmoja ungekuwa kiraka cha fundi wa baadaye, ningeupuuza. Nikaangalia sakafu za droo: upinde. Ubao wa chini: upinde. Nikasema, "Mwigo mzuri sana, lakini harusi ile ilifanyika bila kabati hili." Mfanyabiashara akanijia juu: najua fundi anayemsema ni nani? Tajiri akamwambia, "Msikilize huyu." Maneno mawili. Nimeyasubiri miaka sita.

Kwa hiyo nakwambia wewe, na wengine wote mnaopenda majina makubwa: geuza. Vuta droo. Geuza tena. Pima meza ya duara mara mbili, kufuata nyuzi za mbao na kuzikata. Mbao husinyaa kwa upana, na meza ya miaka 250 haiwezi kubaki duara kamili. Usiamini dalili moja hata ikikupendezea, hasa ikikupendezea. Watu wa makumbusho waliwahi kununua, mwaka 1970, kiti kilichosadikiwa kuwa cha karne ya 17 kwa dola 9,000. Kilikuwa kimechongwa mwaka 1969 na Armand LaMontagne, fundi wa Rhode Island, makusudi kuwaumbua wataalamu. Alikuwa ametoboa matundu kwa ncha ya keekee ya kisasa, na eksirei ilionyesha hivyo. Mpaka 1977 hakuna aliyetazama ndani ya tundu.

Na kabla hujalitukuza jina la kwenye karatasi, jua kwamba jina ni la mwenye karakana. Thomas Elfe, fundi samani wa Charleston, South Carolina, karne ya 18, alikuwa na watumwa mafundi. Msumeno wao umo kwenye kazi zake, majina yao hayamo. Mimi nikiona meno yaliyokatwa vizuri na mkono usio na jina, huwa nakaa nayo kidogo. Pengine ni gundi ile bado inanichoma.

Sasa kabati lako. Umenitumia picha saba, zote za mbele, na moja umesimama pembeni yake unatabasamu. Vishikio vya shaba ni vizuri. Vishikio hubadilishwa. Nitumie nyuma ya droo ya pili, ndani ya ubao wa mgongo, na chini kabisa, tochi ikiwa imelala. Na usilipige msasa, tafadhali, hata kama mkeo analalamika.